Wajerumani Wanne na Tuta la Mama Mkwe

Wajerumani wanne niliwafahamu nikiwa nimekaa kwenye cherehani, barazani kwetu Chanji, mjini Sumbawanga, na wote walikuwa wamekufa zamani. Mume wangu ndiye aliyewaleta nyumbani. Mpaka siku hizo Mjerumani kwangu alikuwa mtu wa boma na kiboko, wa zile hadithi za mababu, au padri mwenye ndevu aliyechomesha watu matofali ya kanisa. Sikujua kwamba walikuwepo wengine waliokaa vyumbani mwao maisha yao yote wakijiuliza mtu anajuaje kile anachodhani anakijua.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Maduka ya Sumbawanga, ambayo nilipofika mara ya kwanza na shangazi yangu kutoka Tukuyu yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, yalianza kujaa sabuni, mafuta ya kupaka na betri za redio. Mitumba iliingia mjini kwa marobota. Watu waliacha kushonesha nguo mpya, nami kazi yangu ikawa kupunguza suruali za Wazungu warefu ziwaenee Wafipa wa kawaida. Mume wangu alifundisha sekondari. Kabla ya hapo alikuwa seminari, akafika mpaka masomo ya filosofia, akaacha, akanioa.

Hayo maneno mawili, akaacha, akanioa, ndiyo yaliyomfanya mama yake asinitazame usoni.

Mama mkwe alikuwa mjane, akilima upande wa Mwazye, na huyo ndiye mtoto wake pekee wa kiume. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaanza kumwita Mama Padri, kanisani wanampisha benchi la mbele. Kisha mwanawe akarudi na mimi: mwanamke wa kutoka Mbeya, wa kanisa jingine, mwenye cherehani na mdomo. Simlaumu kwa kushtuka. Hata mimi ningeshtuka.

Lakini alinitesa kwa namna yake. Ufipa salamu si kitu cha kumrushia mtu ukiwa unapita. Mwanamke huchuchumaa, hupiga makofi taratibu, na maulizo huenda na kurudi: mmeamkaje, nyumbani wazima, shamba linasemaje, mgongo vipi. Huwezi kuinuka mpaka yaishe. Mume wangu alinifundisha yote hayo kabla hatujaenda, tukafanya mazoezi chumbani tukicheka. Nilipofika kwa mama mkwe nilichuchumaa, nikapiga makofi, nikasema, "Shikamoo mama." Naye akasema, "Marahaba," akainuka kwenda kutazama kuku wake. Nilibaki chini na viganja vyangu vimekutana, sijui niendelee na nani.

Wala hakuniita kwa jina lolote la ukoo. Aliniita mgeni. Nikiwa nimekaa hapo hapo jikoni alimwuliza mwanawe, "Mgeni ameshakunywa chai?" Mwaka wa kwanza nilimeza. Wa pili nilianza kuwaka. Nilichotaka kilikuwa kidogo mno hata nikaona aibu kukisema: nilitaka aitikie salamu yangu mpaka mwisho. Nilikitaka kuliko nilivyotaka nyumba ya bati.

Basi, ikatokea kwamba nyumba moja ya malezi upande wa Kaengesa ilipungukiwa mwalimu. Walikuwa na mafrateri wa mwaka wa kwanza, vijana wanaosomea upadri, na somo la filosofia ya Wajerumani lilikuwa halina mtu. Wakamkumbuka mume wangu. Alikubali kwa furaha, halafu usiku huo huo akaingiwa na hofu, kwa maana ni kitu kimoja kuelewa na kingine kueleza. Akaamua kila Ijumaa jioni anijaribie mimi kwanza. "Ukielewa wewe," akasema, "mafrateri wataelewa." Nikamwambia hilo ni tusi. Akasema ni heshima. Tulibishana kidogo, kisha akavuta kigoda karibu na cherehani akaanza.

Mjerumani wa kwanza, alisema, alikuwa mzee asiyetoka mjini kwake, aliyeamka siku moja na kuuliza swali la kuudhi: je, tunaviona vitu kama vilivyo, au kama akili zetu zinavyoweza kuviona? Jibu lake ni kwamba akili haikai kama ndoo inayongoja kujazwa. Ina maumbile yake. Inapanga kila kitu mahali fulani na wakati fulani, inaunganisha kila tukio na lililolisababisha. Kitu chenyewe, kikiwa peke yake huko, mbali na macho na akili ya mtu yeyote, hatukijui na hatutakijua.

Nilisimamisha mguu. Nikamwambia, "Kumbe ni chekeche."

"Chekeche gani?"

"Ya unga. Kabla sijachekecha najua kitakachotoka chini kitakuwa laini. Nimejuaje, na unga wenyewe sijaugusa? Naijua chekeche yangu."

Kisha akanibusu mkono, jua bado halijatua, majirani wakiona. Tangu siku hiyo mzee yule nilimwita Bwana Chekeche, na nasikia mafrateri nao walimwita hivyo.

Bwana Chekeche alikuwa na mengine, na haya niliyapenda zaidi. Alisema mtu asifanye neno ambalo hatapenda liwe sheria kwa watu wote. Alisema pia mtu yeyote asitumiwe kama chombo tu cha kufikia haja ya mwingine, kwa sababu kila mtu ana heshima yake ndani yake. Na uhuru, alisema, ni mtu kujiwekea sheria mwenyewe na kuitii. Siku zile kila mmoja mjini alikuwa na neno uhuru mdomoni, vyama vinakuja, biashara imefunguliwa, kila jambo ruksa. Mume wangu alitikisa kichwa. "Ruksa unapewa," akasema. "Uhuru hupewi. Lazima uutoe ndani." Nililitafakari hilo nikipunguza suruali.

Wa pili nilimwita Bwana Mimi. Huyu hakuridhika na kile kitu cha Chekeche kisichojulikana, akakifuta. Akasema mwanzo wa yote ni Mimi, nafsi inayojisimamisha yenyewe, na nafsi hiyo ndiyo inayojiwekea mbele yake kile kisicho Mimi, yaani dunia, ili ipate cha kushindana nacho. Bila kipingamizi nafsi haijijui.

"Huyo hakuwa na mama mkwe," nikasema. "Angekuwa naye asingesema amemweka mwenyewe."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, lakini alipotulia akasema nisimdharau, kwa sababu huyo huyo alisema jambo jingine: kwamba hakuna mtu anayegundua uhuru wake akiwa peke yake. Lazima mtu mwingine amwite. Mtoto anakuwa mtu kwa kuitwa na watu. Hapo nikawaza neno mgeni.

Wa tatu alikuwa kijana mwenzao, mpenda maua, ambaye nilimwita Bwana Usingizi. Yeye alisema dunia ya mawe na majani haikukaa kinyume cha roho. Ni roho ile ile imelala, na polepole inaamka, katika mmea kidogo, katika mnyama zaidi, mpaka katika mtu ikafumbua macho na kujitazama. Ufipa ni nchi ambayo mtu anaweza kuamini hivyo. Asubuhi ya baridi, nyasi zimelala na umande mpaka mwisho wa macho, hakuna mti wa kuzuia upepo, unaona kabisa kwamba kuna kitu hakijaamka. Huyu hakutugombanisha hata mara moja.

Wa nne ndiye aliyetupa shida. Alikuwa amekusanya mawazo ya wenzake wote na kuyafunga pamoja, na mume wangu alimwogopa. Alianza na habari ya watu wawili wanaokutana, kila mmoja akitaka mwenzake amtambue kuwa ni mtu. Wanapigana. Mmoja anaogopa kufa, anakubali kuwa mtumwa; mwingine anakuwa bwana. Lakini bwana hapati alichokitaka, maana anatambuliwa na mtu ambaye yeye mwenyewe hamhesabu. Mtumwa naye anafanya kazi, anageuza vitu kwa mikono yake, na katika vitu hivyo anaanza kujiona. Mwishowe wote wawili wanagundua kwamba utambuzi haunyang'anywi. Unapewa na yule ambaye wewe pia umempa.

Nilisema, "Huyu anaijua nyumba ya mama yako."

Ndipo mume wangu, kwa sauti ndogo, akaniambia jambo alilokuwa amelificha. Mzee huyo huyo, aliyeandika hivyo juu ya kutambuana, aliandika pia kwamba Waafrika hawana historia, kwamba roho haijapita huku kwetu. Alijua siku moja nitamuuliza, akaona bora aseme yeye. Nilimaliza upindo niliokuwa naushona, nikakata uzi kwa meno, nikamwambia amtoe mtu wake barazani kwangu. Nilikasirika kweli. Wiki nzima Mjerumani wa nne hakutajwa ndani ya nyumba. Kilichoniuma ni kuona kwamba mtu anaweza kujua yote kuhusu kumtambua mwenzake na bado asimtambue.

Lakini somo lilikuwa linakaribia, na kilikuwa kimebaki kiini chake. Mzee yule alitumia neno moja la Kijerumani ambalo kwao lina maana tatu kwa mpigo: kufuta, kuhifadhi na kuinua. Kila kitu, alisema, kinazaa kinyume chake, kinafutwa nacho, na katika kufutwa huko hakipotei, kinaendelea kuishi juu zaidi ndani ya kitu kipya. Nilimwambia mume wangu achague moja. Kilichofutwa kimefutwa. Huwezi kuchoma barua ukabaki nayo. Alijaribu mfano wa mbegu, mfano wa mtoto na mtu mzima, nikaikataa yote kwa ukaidi tu, maana bado nilikuwa na hasira na yule mzee.

Shule zikafungwa mwezi wa sita, tukaenda kwa mama mkwe kumsaidia kupura maharage. Salamu yangu iliishia kwenye marahaba kama kawaida. Kesho yake mama alikwenda kwenye sala ya jumuiya, na sisi tukabaki tukitembea ukingoni mwa shamba. Mume wangu akasimama ghafla.

Wafipa hawachomi majani ya shamba. Mvua zikielekea mwisho wanayakata kwa jembe, wanayapindua na kuyafunika kwa udongo, shamba zima linajaa matuta ya mviringo ya kimo cha goti. Wenyewe huyaita intumba. Majani yanaoza humo ndani kiangazi chote, na mvua za mwaka unaofuata zinapoanza, matuta yanamwagwa, udongo unasawazishwa na ulezi unapandwa. Mume wangu alizaliwa katikati ya matuta hayo, lakini aliondoka kwenda seminari mdogo sana, kwa hiyo aliyajua kwa macho tu.

"Njoo uone," akasema. "Njoo uone kufuta na kuhifadhi na kuinua."

Akapiga jembe katika tuta la mama yake, mwezi wa sita. Mkulima yeyote wa kule angemzuia. Intumba haifunuliwi kabla ya wakati wake, kiangazi kitaikausha na majani yatabaki makapi. Yeye hakujua, na mimi nilijua kidogo kuliko yeye. Kwetu Tukuyu majani tunayatupia migombani yakajijua yenyewe.

Niliingiza mikono. Ndani kulikuwa na joto. Nilichokishika hakikuwa majani tena na kilikuwa bado hakijawa udongo. Mshipa wa unyasi ungali unaonekana, ukiubonyeza unayeyuka vidoleni. Harufu yake ilikuwa nzuri. Nilimwelewa yule mzee pale pale, pamoja na hasira zangu zote, nikaendelea kuchimba kwa furaha ya kuelewa. Mume wangu alisimama pembeni, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akieleza. Hivyo ndivyo mama yake alivyotukuta: mwanawe msafi, na mimi nimezama mpaka viwiko katika tuta lake lililopasuliwa.

"Mgeni anatafuta nini humo?" aliuliza.

"Ni mimi niliyelifungua, mama," mume wangu akasema haraka. "Nilikuwa namfundisha."

"Unamfundisha nini?"

"Filosofia."

Mama mkwe alikuwa bado ameshika rozari. "Ile ya seminari?"

"Ndiyo, mama. Hata mafrateri wa Kaengesa wameniomba niwafundishe."

Akakaa chini, kwenye udongo, na kanga yake ya kanisani. "Kumbe bado unayo," akasema. "Mimi nilijua uliitupa."

Nilidhani atafurahi. Badala yake machozi yakamtoka, na maneno yakafuata, kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie. "Siku ya kukutoa uende seminari nilihitajika. Nilikupeleka kwa miguu, sanduku nimelibeba mimi kichwani. Nikaweka saini, nikapewa mkono na padri. Siku ya kutoka, hakuna aliyenikumbuka. Nilikuwa kwenye mashine ya kusaga na debe langu la mahindi. Mtu wa mashine ndiye aliyeniambia kwamba mwanangu hatakuwa padri. Mbele ya watu. Wewe ulikuja baada ya mwezi, na mgeni."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti pale, mikono michafu. Muda wote nilidhani ananinyima kitu changu. Nilikuwa nimekuja na salamu yangu na makofi yangu ya kujifunza, nadai nitambuliwe, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba mbele yangu alikaa mtu ambaye naye hakuna aliyemtambua. Alitumiwa kutoa mtoto, kisha akawekwa kando. Bwana Chekeche angesema ametumiwa kama chombo, na angekuwa sawa. Nilimwonea huruma.

Nikauliza lililonijia. "Mama, lile sanduku lilikuwa zito?"

Alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. "Lilikuwa la mbao," akasema. Halafu akaeleza. Lilikuwa zito kwa sababu alikuwa ameweka ndani ulezi wa kukaanga, na mtoto analia njiani anataka kurudi, na yeye anamkemea asilie huku naye analia, sanduku linamficha uso. Alirudi peke yake na ngata mkononi. Mume wangu alikuja akachuchumaa mbele yake, akapiga makofi, akamwomba msamaha kwa Kifipa, maneno mengi ambayo sikuyaelewa yote. Alipomaliza mama alijifuta uso. "Haya," akasema, "funikeni tuta langu." Tukalifunika wote watatu.

Usiku ule kwenye ugali alimwuliza mwanawe kama mgeni ameshiba. Sikuumia kama zamani, lakini nilisikia.

Somo la Kaengesa lilikwenda vizuri. Mume wangu aliwaambia mafrateri kuhusu intumba, na wote, watoto wa wakulima, wakaelewa kabla hajamaliza sentensi. Aliwaambia pia lile neno juu ya Waafrika, akawaambia kwamba mzee yule alishindwa mtihani aliouandika mwenyewe. Nilijivunia kuolewa naye.

Mvua zilipoanza, dereva wa lori la mahindi alisimama barazani kwangu. Alikuwa na ujumbe kutoka Mwazye, na ujumbe haukuwa wa mume wangu. Mama alisema matuta yanamwagwa, mgeni aje. Niliacha cherehani kwa jirani nikapanda lori siku hiyo hiyo, kama naitwa mahakamani.

Tulimwaga matuta mimi na yeye, bega kwa bega, hatuzungumzi sana. Udongo ulitoka mweusi na mlaini. Tukafika kwenye lile tuta letu. Alipiga jembe mara moja, akainama, akachukua konzi ya makapi makavu, akayasugua viganjani, akayarudisha. Nikangoja anigombeze. Alichukua majani mabichi ya pembeni, akayaweka juu, akavuta udongo, akaanza kulifunika upya.

"Hili bado," akasema. "Litangoja. Mwaka kesho utakuja ulimwage mwenyewe."

Nilijibu, "Ndiyo mama," na sikuthubutu kuongeza neno. Mwaka kesho. Alikuwa ameniweka ndani ya mwaka kesho.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kumuaga. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Nikachuchumaa, nikapiga makofi. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikaanza kuinuka, kwa mazoea.

"Mbona unainuka? Sijamaliza."

Nikarudi chini. Aliniuliza nimeamkaje. Aliniuliza mgongo, baada ya lile jembe. Aliniuliza habari za Chanji, habari za majirani, akauliza hata cherehani, kama bado inakata uzi. Sijui nani alimwambia inakata uzi. Niliitikia kila neno, viganja vimekutana, magoti yananiuma, naomba isiishe. Halafu akasogeza kigoda chake karibu nami.

"Na mama yako huko Tukuyu," akasema. "Siku ya kukuoza, aliulizwa?"

Nikamwambia waliulizwa baba zangu wadogo, wakapokea mahari, wakakubali. Mama alikuwa jikoni anapika. Hakuna aliyemwuliza.

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole, akanishika mkono akaniinua.

"Basi nikishapanda huu ulezi, mwanangu," akasema, "mimi na wewe tutakwenda kumwuliza."